Barua kwa Zuhura kuhusu shemeji na sigara

Dar es Salaam

Mpendwa Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika, na kwa kuwa umeniuliza jambo moja tu, nami nitajibu hilo hilo: umsaidieje shemeji yangu, mumeo, aache sigara bila ya nyumba kugeuka uwanja wa ugomvi.

Kwanza acha kumwambia kwamba hana nia. Nikotini hufika ubongoni katika muda wa sekunde 10 hivi tangu mtu avute moshi, na ubongo uliozoea hivyo kwa miaka mingi hudai haki yake kama mwenye deni. Umeandika kwamba huwasha ya kwanza hata uso hajanawa. Hapa kliniki hilo ni miongoni mwa maswali yetu ya mwanzo, kwani anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka huwa uraibu umemshika sawasawa, na mtu huyo hatolewi huko kwa kusemwa. Ukimsema atakwenda kuvutia nyuma ya nyumba, arudi anatafuna iliki, nawe udhani umeshinda.

Ninachokupendekezea ni kuitumia Ramadhani, ambayo imeshakaribia. Tangu alfajiri hadi magharibi ni zaidi ya saa 13, na shemeji huzimaliza zote bila sigara, mwaka nenda mwaka rudi. Isitoshe, yapata saa 12 baada ya sigara ya mwisho, ile hewa ya kaboni monoksidi inayoinyang'anya oksijeni nafasi yake katika damu huwa imeshuka hadi kiwango cha kawaida. Hivyo adhana ya magharibi humkuta damu yake imekwisha kusafika, naye huichafua upya kabla tende haijashuka kooni. Mchana anaumudu, kazi ipo kati ya futari na daku, na hapo ndipo pa kupanga.

Zungumza naye mapema, siku ambayo hamjanuniana, mkubaliane kwamba mwezi ukiandama hawashi tena. Siku hiyo toeni nyumbani kisahani cha majivu na viberiti vyote, pamoja na vile vya mifukoni. Akishafuturu apige mswaki papo hapo, kisha atoke kwenda tarawehe. Ninapopahofia ni barazani baada ya hapo, kwenye kahawa na karata, ambako mwenzake mmoja humnyooshea pakiti kwa wema kabisa, na duka la jirani huuza sigara moja moja. Mtafute rafiki yake anayemheshimu, umweleze mpango wote, amkalie karibu. Hamu inapompanda kwa kawaida haizidi dakika chache. Anywe maji, atembee, azungumze na mtu, itapita. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote: atakuwa na hasira, usingizi utamruka, na pengine atakujibu vibaya. Maneno ya wiki hiyo usimwekee moyoni.

Zipo dawa pia. Chingamu na bandiko la nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Chingamu aitafune usiku. Kuhusu kubandika mchana wa saumu, amuulize sheikh wake.

Najua atakuja na hoja ya kuvuta tatu tu kila usiku. Usiikubali, maana sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvuta 20. Wala asihamie kwenye shisha; maji yale hupoza moshi tu, hayausafishi. Na akisema kwamba umri umekwenda na madhara yameshaingia, mwambie kuhusu madaktari wa Uingereza ambao mtafiti Richard Doll na wenzake walianza kufuatilia uvutaji wao na afya zao mwaka 1951. Matokeo ya miaka 50, yaliyotolewa 2004, yalionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 50 alijiongezea takriban miaka 6 ya kuishi. Shemeji ana hiyo hamsini. Mwanenu mwenye pumu naye atapumua, kwani kuvutia dirishani hakumkingi na chochote.

Jambo moja lisikutishe: huenda akakohoa na kutoa makohozi zaidi akishaacha, kwa sababu mapafu yameanza tena kujisafisha. Hata hivyo, kikohozi kikifika wiki mbili aende akapimwe makohozi. Uvutaji huongeza hatari ya kifua kikuu, na kipimo hicho ni bure katika vituo vya serikali.

Nijibu kabla mwezi haujaandama kama amekubali, ili nimtafutie chingamu huku Dar, maana si kila duka la dawa huiuza na bei yake si ndogo. Niandikie pia huvuta ngapi kwa siku, kwa kuwa zipo za nguvu mbili na sitaki kununua isiyomfaa.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mwanaidi