Golemu haasi, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kimya kwa miaka mingi na kuvumilia mengi, ila makala yenu ya juzi kuhusu askari bandia katika hadithi za kisayansi imenishinda. Mmeandika kwamba golemu ni "roboti wa kale aliyewaasi mabwana zake", na juu yake mkabandika picha ya dude la chuma lenye macho mekundu.

Golemu ni mtumishi wa hadithi za Kiyahudi, anayefinyangwa kwa udongo na kupewa uhai kwa maneno. Eleazar wa Worms, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyefariki karne ya 13, aliacha maelekezo: udongo utoke mlimani, mahali pasipowahi kuchimbwa, ukandwe kwa maji ya chemchemi, kisha herufi za Kiebrania zitamkwe kwa mpangilio maalumu. Visa vya baadaye vinaongeza neno emet, yaani ukweli, kwenye paji la uso; ukifuta herufi ya kwanza hubaki met, amekufa, na kiumbe anarudi kuwa udongo. Na huyo Rabi Loew, mwalimu wa dini ya Kiyahudi wa mji wa Praha, mliyemtaja kuwa ndiye aliyemfinyanga golemu, alifariki mwaka 1609. Visa vya kumhusisha na golemu vilienea katika maandishi zaidi ya miaka 200 baadaye, kwa hiyo msiviandike kama habari ya polisi.

Sasa huko kuasi kuko wapi? Katika kisa kimoja golemu anatumwa maji, hakuna aliyemwambia yakitosha aache, anaendelea kuteka mpaka nyumba inafurika. Huo ni utiifu mtupu. Kosa liko katika amri isiyo na kikomo, na katika njia ya kumsimamisha isiyofikika. Kisa alichokichapa Jacob Grimm, mkusanyaji wa ngano wa Kijerumani, mwaka 1808 kinasema hivyo waziwazi: golemu alikua kila siku mpaka bwana wake hakulifikia tena paji lake. Akamwamuru amvue viatu ili ainame, akafuta herufi, na udongo wote ukamwangukia ukamuua. Pigeni hesabu. Mwili wa udongo wenye urefu wa mita 2.5 na umbo la mtu una ujazo wa kama lita 200. Udongo mbichi wa mfinyanzi unakaribia kilo 1.8 kwa lita, hivyo ni zaidi ya kilo 350. Aliyemzima hakuwa na pa kukimbilia! Mwandishi anayejua kazi yake huanzia hapo: swichi iko wapi, nani anaifikia, na mzigo ukizimwa unaangukia upande gani. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea mswada wenye golemu mlinzi wa kituo cha roketi, urefu huohuo wa mita 2.5, na swichi ameiweka kisogoni. Mhandisi wake ana urefu wa mita 1.6. Akinyoosha mkono anafika kama mita 2, kisogo kiko juu ya hapo, na anatakiwa amzunguke mlinzi aliyeamriwa asimruhusu mtu yeyote kupita nyuma yake. Nilipomuuliza, alijibu kwamba haina haja, kwa sababu mwishoni golemu ataasi tu. Makala kama yenu ndizo zinazomfundisha hivyo.

Tena mnaandika kana kwamba mlinzi asiyezimika ni ndoto ya mbali. Bomu la kutegwa ardhini ni nini? Limepewa amri moja, halitofautishi askari na mtoto anayechunga mbuzi, na vita vikiisha halina herufi ya kufutwa. Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mwaka 2015, baada ya miaka mingi ya kuyatafuta moja moja, na miongoni mwa watafutaji walikuwamo panya buku waliofunzwa hapa Morogoro kunusa baruti. Habari hiyo mngeipa ukurasa mzima, lakini nafasi mnazijaza na picha za macho mekundu.

Ninachoomba ni hiki. Chapeni masahihisho kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, na picha iwe ya udongo. Na shindano lenu la hadithi fupi likifunguliwa, kila atakayeleta mlinzi bandia aambatanishe karatasi moja pembeni: amri aliyopewa, neno kwa neno, kinachoikomesha amri hiyo, sehemu ya kumzimia, ikiwa na kimo chake kwa sentimita kutoka chini, na jina la mhusika mfupi kuliko wote katika hadithi, aoneshwe anavyoifikia.

Msomaji wenu,
Morogoro