YAH: Modeli ya MiG-21 Iliyouzwa Ikiwa Pungufu

Sinza, Dar es Salaam
5 Agosti 2025

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tarehe 5 Julai nilinunua dukani kwenu Kariakoo modeli ya kuunganisha ya ndege ya kivita MiG-21, kipimo cha 1:48, kwa Sh 165,000. Boksi lilikuwa limefungwa kwa nailoni. Nilipofika nyumbani, kabla sijakata hata kipande kimoja, nilihesabu fremu zote, yaani viunzi vya plastiki vinavyoshika vipande, nikifuata kijitabu cha maelekezo. Fremu ya vipande vya kioo haikuwemo. Ya bawa la kushoto ilikuwemo mara mbili, ya kulia hakuna.

Nilipiga simu siku hiyohiyo. Mhudumu wenu alinijibu vizuri tu: "Wewe endelea na bodi, hizo fremu zinakuja wiki ijayo." Nikamwamini. Nikapaka rangi chumba cha rubani, nikatia puani chubwi za wavuvi nilizonunua Feri ili ndege isije ikakalia mkia, kisha nikaunganisha pande mbili za bodi. Gundi ya modeli haishiki juujuu kama ya karatasi. Inayeyusha plastiki yenyewe hadi pande mbili zinakuwa kitu kimoja, na hazibanduki tena.

Jana, baada ya wiki nne, nimeambiwa fremu hazipo na pesa hairudi, kwa sababu boksi limefunguliwa na gundi imetumika. Mteja atajuaje kilichopungua bila kulifungua? Na gundi niliitumia kwa kauli yenu.

MiG-21 inajulikana kwa mabawa yake ya pembetatu. Ndege halisi ni mita 7.15 kutoka ncha hadi ncha, mezani kwangu ilipaswa kuwa sentimita 15 hivi. Leo imelalia ubavu juu ya gazeti, rubani hana kioo. Mzee wangu alikuwa fundi wa ndege jeshini wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Tarehe 23 Agosti anatimiza miaka 75, na hii ndiyo zawadi yake. Ameshaiona. Kila jioni ananiuliza kama bawa limefika.

Naomba fremu hizo mbili, au seti nyingine kamili, kabla ya tarehe 16 Agosti. Ikishindikana, nirudishiwe pesa yote pamoja na ya rangi. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 7, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani (FCC). Nimeambatisha nakala ya risiti na picha za fremu.

Wenu,
Mteja wa risiti ya tarehe 5 Julai