Risala ya wanachama vijana kwa mgeni rasmi, siku ya tuzo na ruzuku za chama

Mheshimiwa mgeni rasmi, Rais wa chama chetu cha wanasayansi, wajumbe wa kamati ya tuzo, walimu wetu, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Mheshimiwa, kwanza kabisa asante sana kwa kuja, tunajua ratiba yako imebana, na sisi vijana hii siku tunaisubiri mwaka mzima maana ndo siku pekee tunakaa ukumbi mmoja na watu ambao majina yao huwa tunayaona kwenye makala tu. Leo umetoa medali, umetoa tuzo ya tasnifu bora, halafu mwishoni ikasomwa ile orodha ya ruzuku ndogondogo, za nauli ya kwenda kongamano, za kemikali za maabara, za kukusanya data. Ilisomwa harakaharaka kwa sababu muda ulikuwa umeisha na watu walishaanza kupiga picha na washindi, ila sisi tunaomba tukurudishe hapohapo.

Wenye medali wanastahili kabisa, tumewapigia makofi kwa moyo wote. Lakini mtu anayepewa medali mara nyingi ana maabara yake tayari na ana wanafunzi, wakati aliyepata ile ruzuku ndogo bila hiyo hela kazi ingesimama, yaani sampuli zingebaki kwenye friji mpaka ziharibike.

Kuna mama mmoja tunampenda sana, Jocelyn Bell Burnell. Mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi tu wa uzamivu pale Cambridge, anakagua kwa macho karatasi za darubini ya redio, karibu mita 30 kila siku, akaona alama ndogo isiyoeleweka na akakataa kuipuuza, ndo zikapatikana zile nyota zinazoitwa pulsa, zinazozunguka kwa kasi na kutuma mapigo ya redio. Tuzo ya Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle. Basi 2018 mama huyo alipokuja kupewa tuzo kubwa ya dola milioni 3, zote akazipeleka kwenye chama cha wanafizikia cha Uingereza na Ireland, zisomeshe wanafunzi wa uzamivu kutoka makundi ambayo fizikia haijawazoea. Hakubakiza hata dola moja. Sisi tukisikia hiyo habari tunajiona sisi wenyewe, kwa sababu humu ndani wapo wanaokagua karatasi zao usiku huu.

Sasa mheshimiwa, yapo yanayotukwamisha na tunayasema kwa heshima. Kubwa kuliko yote ni ruzuku ya safari kulipwa baada ya safari. Mwanafunzi anaambiwa hongera umepata, ila jilipie kwanza tiketi, hoteli, viza na ada ya kongamano, ukirudi lete risiti, tutakurudishia baada ya miezi kadhaa. Anazitoa wapi? Mimi mwenyewe niliwahi kupata ruzuku ya namna hiyo kwa wafadhili wengine na sikusafiri, bango langu la utafiti nilikuwa nimeshalichapisha na bado liko nyuma ya kabati, na kwenye ripoti yao nadhani nilihesabiwa kama mtu aliyejitoa. Tunaomba chama chetu kilipe kabla, hata nusu, na tiketi chama kikate chenyewe.

La pili ni mapendekezo. Tuzo zetu nyingi lazima mtu mwingine akupendekeze, sasa anayekaa na wakubwa anapendekezwa na anayekaa kimya kwenye chuo kidogo anasahaulika miaka na miaka. Hata medali ya Copley ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, inayotolewa tangu 1731, mwanamke wa kwanza kuipata ni Dorothy Hodgkin mwaka 1976, na wa pili ni huyohuyo Bell Burnell, 2021! Hatuamini kwamba katikati hapo hakukuwa na wanaostahili. Tunaomba mtu aruhusiwe kujipendekeza, na kamati iwatafute watu kabla fomu hazijafungwa.

Mafundi sanifu wa maabara pia tusiwaache, wao ndo wanajua mashine ikigoma saa nane usiku inafanywaje, na hawana tuzo hata moja kwenye chama hiki.

Na anayekosa ruzuku aandikiwe mistari mitatu tu kwanini amekosa. Kuandika andiko la mradi kunachukua wiki nyingi, ukijibiwa "tunasikitika kukujulisha" basi mwaka unaofuata unarudia kosa lilelile bila kujua.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatukuombi pesa zako leo. Tunaomba utusemee kwenye kikao cha bajeti ambacho sisi hatuingii, na ukiombwa kufadhili medali nyingine mpya, uulize kwanza mfuko wa safari umebaki na kiasi gani.

Naomba kuwasilisha.