Mitungi ya kuchomelea isilazwe

Mhariri,

Katika mitaa ya Buguruni, Tandale na Mbagala si ajabu kukuta mtungi wa asetilini, gesi inayowashwa pamoja na oksijeni kuungia vyuma, umelazwa juu ya guta, ukipelekwa kwa fundi anayeunga ekzosi na bodi za magari uani kwake. Ukishushwa tu, unafungwa regulata, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, na kazi inaanza. Hapo pana hatari ambayo wengi hawaijui, ndiyo maana tunaomba nafasi katika gazeti lako.

Asetilini haikai mtungini kama upepo kwenye tairi. Ndani mmejazwa kitu kigumu chenye vitundu vingi, kilicholoweshwa kimiminika kiitwacho asetoni, na gesi imeyeyuka humo. Mtungi ukilala, asetoni husogea hadi kwenye valvu. Ukifungua, inatoka pamoja na gesi, inakula mpira na kuharibu regulata, huku gesi iliyobaki ikipoteza kinachoituliza. Kwa hiyo mtungi uliosafirishwa umelala usimamishwe, ukae hivyo hadi kesho yake ndipo utumike. Mteja anaweza kusubiri.

Asetoni hutoka pia ukivuta gesi kwa pupa. Kwa saa moja usitoe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya gesi iliyomo: mtungi wa kilo 7 unakupa gramu 700 tu. Mwenye tochi kubwa ya kupashia vyuma aunganishe mitungi zaidi kwa vifaa vyake maalumu, au atumie ncha ndogo zaidi ya tochi.

Presha ya asetilini isizidi bar 1, yaani kama psi 15. Moto ukilegea, fundi wengi hukimbilia kukaza regulata, kumbe ncha imeziba masizi na ilihitaji kuzibuliwa kwa sindano yake. Juu ya kiwango hicho, asetilini inaweza kulipuka yenyewe hata bila oksijeni. Na mpira ukikatika, tafadhali usiunge kwa kipande cha bomba la shaba la friji! Asetilini ikikutana na shaba tupu hutengeneza kitu kinacholipuka kwa kugongwa au kusuguliwa tu. Badili mpira, au tumia kiungio kilichotengenezwa kwa gesi hiyo, chenye klipu zake.

Oksijeni nayo, ingawa haiwaki, huchochea moto vibaya sana. Karakana nyingi za nyumbani ndizo hizo hizo gereji, na mkono uliotoka kwenye grisi ndio unaoshika regulata. Mafuta yakikutana na oksijeni ya bar 150 yanaweza kuwaka bila kiberiti. Nawa, kausha mikono, legeza kwanza kitasa cha regulata, simama pembeni, kisha fungua valvu polepole. Wala usijipulizie oksijeni kutoa vumbi kwenye nguo. Nguo iliyoshiba oksijeni inateketea kwa cheche moja.

Mitungi isiyotumika itenganishwe: oksijeni mita 6 kutoka kwenye asetilini. Kwenye viwanja vyetu vya kubanana hilo ni gumu, lakini ukuta wa tofali wenye kimo cha mita 1.5 katikati unatosha. Yote isimame na kufungwa mnyororo, kivulini penye upepo, kofia ya valvu ikiwa juu yake, hata mtungi ukiwa mtupu. Chumba cha kulala, ukumbini na karibu na jiko la mkaa la mama ntilie si mahali pake, maana asetilini huwaka ikifika asilimia 2.5 tu ya hewa. Kila ukifunga regulata, pakaza povu la sabuni kwenye viungio. Ukiona mapovu yanatoka, funga valvu.

Valvu za kuzuia moto kurudi nyuma ziwe kwenye regulata zote mbili. Wengi huona ni gharama ya bure mpaka tochi ipige mlio na kuanza kufoka ndani kwa ndani. Ikitokea hivyo, funga oksijeni kwenye tochi kwanza, halafu asetilini, kisha valvu za mitungi. Valvu ya asetilini isifunguliwe zaidi ya mzunguko mmoja na nusu, na ufunguo wake ubaki palepale, usiende kutafutwa kwenye boksi la spana.

Mtungi wa asetilini ukipata joto, usiusogeze. Toa watu wote, wapangaji na watoto, piga 114 na useme wazi ni asetilini, kwa sababu gesi inaweza kuendelea kuvunjika ndani hata baada ya moto wa nje kuzimika. Unahitaji kupozwa kwa maji mengi kutoka mbali, na kazi hiyo waachieni Zimamoto.

Wauzaji wa gesi nao wanaweza kuanza na jambo dogo: mtungi usio na kofia usitoke getini kwao, na guta lisilo na fremu ya kusimamishia mtungi na mnyororo wa kuufunga lisipakiwe.

Mafundi wa kuchomelea,
Temeke, Dar es Salaam