Kabla hujaigusa hiyo seva

Morogoro, Jumapili usiku

Swahiba,

Salamu nyingi, wasalimie na nyumbani. Umesema wiki ijayo unaitoa seva yenu kwenye mfumo wa Linux wa CentOS 7 uiweke ule wa Rocky 8. Subiri kwanza nikusimulie yaliyonikuta Ijumaa, maana mashine yenu na yetu ni pacha.

Nilichomeka flashi yenye kisakinishi cha Rocky saa kumi na moja jioni, nikijua saa moja nipo mezani nakula. Kufika pale pa kuchagua diski, hakuna kitu isipokuwa flashi yenyewe. Diski sita zinawaka kijani mbele ya macho yangu, na kisakinishi hakioni hata moja!

Bosi kasimama mlangoni na ushauri wake: futa RAID yote, yaani mpango unaoziunganisha diski zifanye kazi kama moja, uiunde upya. Ningemsikiliza, leo ningekuwa naandika barua ya kuomba kazi. Nikaiwasha upya, nikabonyeza Ctrl+R kuingia kwenye menyu ya kadi ya RAID. Imeandika Optimal, yaani hali njema. Basi diski nzima, kadi nzima, data ipo. Ubovu nikautafute kwenye Linux.

Nikarudi kwenye kisakinishi, Ctrl+Alt+F2, nikapata skrini ya amri. `lspci -nnk` ikaionyesha kadi, namba 1000:0060, ila ule mstari wa "Kernel driver in use", unaotaja draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, haupo chini yake. Nikaipakia draiva mwenyewe, `modprobe megaraid_sas`. Ikaingia bila kulalamika, diski bado hazionekani. Yaani draiva ipo, kadi ipo, hawasalimiani. Siri ilikuwa kwenye `modinfo megaraid_sas`: inaorodhesha namba za kadi inazozihudumia, na hiyo 0060 haimo. RHEL 8, Linux ya Red Hat, ilipotoka mwaka 2019, kadi kadhaa za zamani ziliondolewa, na Rocky inafuata nyayo hizohizo. Imeandikwa wazi kwenye maelezo ya toleo. Mvivu wa kusoma ni mimi.

Dawa ipo ELRepo, hazina ya draiva za ziada mtandaoni. Wanayo draiva hiyohiyo yenye namba za zamani, faili la ISO linaloanza na dd-megaraid_sas. Chukua la toleo lilelile unalosakinisha, la 8.6 kwa 8.6, uliandike kwenye flashi ya pili, kisha wakati wa kuwasha ongeza inst.dd mwishoni mwa mstari wa keneli, kiini cha Linux, ili kisakinishi kiisome draiva hiyo. Diski zikajitokeza saa nne usiku. Ugali ulishakuwa jiwe.

Jana nikajichongea tena. Nikapiga `dnf update`, amri ya kusasisha mfumo, ikanivusha hadi toleo linalofuata na keneli mpya. Kuwasha upya, ikaniangukia kwenye skrini ya dharura ya dracut, haioni hata diski ya mfumo. Nikachagua keneli ya zamani kwenye menyu ya kuwashia, GRUB, ikainuka. Sasa nimezuia keneli isisasishwe ovyo, na kila nikiweka mpya naangalia kwa `lsinitrd` kama draiva ya ELRepo imo ndani ya faili lake la kuwashia kabla sijathubutu kuizima.

Kwa hiyo kesho, hiyo CentOS ikiwa bado hai, andika `lspci -nn | grep -i raid` unitumie namba. Ikiwa ni 0060, nampa kondakta wa basi la asubuhi flashi yangu. Na safari hii uirudishe, ile ya mwaka jana mpaka leo sijaiona.

Ni mimi wako,
mlinzi wa chumba cha seva