Wakae jengo moja, lakini mkataba wa kuachana uandikwe kwanza

Mhariri,

Kuna hii maneno ya mashirika ya ng'ambo yanayogandisha maiti za watu wakingoja sayansi ya kesho iwaamshe, kwamba yale yanayoshindana yafikirie kukaa jengo moja ili gharama ipungue. Watu wengi nikiwaambia hapa Nakuru wanacheka tu na kubadilisha stori. Mimi sicheki. Nafanya kazi ya A.I. huku Njoro, kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, na ile nitrojeni ya maji maji wanayohifadhia watu ndio hiyo hiyo nabeba kwa pikipiki, digrii 196 chini ya sufuri, kwa hivyo nipe nafasi niseme. Wakae pamoja, sawa kabisa, lakini mkataba wa vile wataachana uandikwe na kutiwa sahihi kabla hata mtungi mmoja haujaingia kwa hiyo nyumba.

Wengi wanadhani ni friza kubwa ya stima. Hapana. Ni mtungi wa kuta mbili, katikati ya hizo kuta hewa imenyonywa yote, nitrojeni inamwagwa ndani na inaendelea kupungua kidogo kidogo hata kama hakuna mtu amefungua kifuniko. Asubuhi kabla nitoke natumbukiza kijiti mpaka chini, nangoja kidogo, nakitoa nakipunga hewani, na barafu nyeupe inashika mpaka pale nitrojeni imefika, hapo ndio najua kama nitaenda Mau Narok na kurudi ama nitaharibu mbegu za wakulima waliolipa pesa yao. Alama ikiwa chini siondoki. Sasa wale wenzetu mbegu yao ni mtu. Kule Alcor, moja ya hayo mashirika huko Amerika, miili inasimamishwa kichwa chini miguu juu, manake nitrojeni ikipungua kitakachoanza kuyeyuka ni miguu na ubongo utakuwa wa mwisho. Aliyepanga hivyo alijua vizuri kwamba mtu wa kujaza anaweza kukosa kuja.

Na alishakosa kuja. Chatsworth, California, miaka ya sabini, Robert Nelson na chama chake cha kugandisha maiti waliweka miili kwenye chumba cha chini ya ardhi kwa makaburi, familia zikaishiwa pesa ama zikachoka kulipa, nitrojeni haikununuliwa, na 1979 ikajulikana kwamba miili 9 ilikuwa imeyeyuka. Familia zikaenda kortini. Hiyo habari inaniuma kila nikiikumbuka, si kwa sababu naamini hao watu wangefufuka (hilo namwachia Mungu), ni kwa sababu mtu alilipa, akafa akiamini, na aliyepokea pesa hakukuwa na wa kumuuliza.

Pesa ikiisha mtu anayeyuka, kwa hivyo wanaosema wakae pamoja gharama ipungue wana pointi. Lori la nitrojeni likija mara moja likajaza tangi moja kubwa nje, kila mmoja avute kwake, hiyo ni pesa imebaki. Mlinzi ni mmoja, fundi wa usiku ni mmoja. Kuna pia usalama wa wafanyakazi: lita moja ya nitrojeni ikigeuka hewa inakuwa karibu lita 700, haina harufu wala rangi, inasukuma oksijeni nje ya chumba na mtu anaanguka bila hata kuhisi amebanwa pumzi. Lazima uweke feni nzuri na kengele ya oksijeni, na bei yake haibadiliki sana ukiwa na mitungi kumi ama arobaini. Halafu si jambo geni. American Cryonics Society, iliyoanza San Francisco 1969, imekuwa ikiweka watu wake kwa Cryonics Institute kule Michigan.

Lakini hapo mmoja ni mgeni na mwingine ni mwenye nyumba, kila mtu anajua nafasi yake. Wapinzani wawili wa nguvu sawa ni maneno mengine. Chukua Alcor ya 1972 iliyoko Scottsdale, Arizona, na hiyo Cryonics Institute aliyoanzisha Robert Ettinger 1976. Alcor inaitisha zaidi ya dola 200,000 kwa mwili mzima, Cryonics Institute karibu dola 28,000. Wa bei ghali atasema huyu jirani hajaweka akiba ya kutosha, akianguka mzigo wake utaniangukia mimi. Wa bei nafuu atasema huyu anataka kunimeza pole pole. Wote wawili wana haki ya kuogopa, na hiyo hofu haiishi kwa kupeana mikono mbele ya kamera, inaisha kwa karatasi.

Sisi Wakenya tunajua maiti inavyoteseka walio hai wakigombana. Wakili S.M. Otieno alikufa Desemba 20, 1986 na akazikwa Nyalgunga kule Siaya Mei 23, 1987, miezi mitano mjane na ukoo wa Umira Kager wakivutana kortini na mwili uko mochari. Hiyo ni miezi mitano. Hawa wanaongea juu ya miaka mia moja na zaidi. Dkt. James Bedford, mtu wa kwanza kugandishwa hivi, amegandishwa tangu Januari 12, 1967, amehamishwa kutoka mahali hadi mahali mpaka akafika Alcor 1982.

Na Urusi 2021 tuliona. KrioRus, shirika la huko la kugandisha maiti, ilikuwa inaongozwa na watu wawili waliokuwa mume na mke, wakakosana, na upande wa mke wakakata ukuta wa ghala wakatoa mitungi yenye watu ndani wakapakia kwa lori, nitrojeni ikimwagika, mpaka polisi wakawasimamisha njiani. Hao hawakuwa hata mashirika mawili, lilikuwa moja! Sasa weka mawili chini ya paa moja bila kuandika funguo ni za nani uone.

Kwa hivyo jengo lisiwe la yeyote kati yao, liwe la mfuko wa amana wenye wadhamini wasio wa upande wowote, manake mmoja akishtakiwa na madalali wa korti wakija kufunga geti, wa pili asifungiwe naye. Kila mtungi uandikwe ni wa nani na pesa ya nitrojeni yake iko akaunti gani. Anayetaka kuhama atoe notisi ndefu na alipe lori na fundi, hakuna kuhama usiku. Mahali penyewe pachaguliwe vizuri, kwa sababu Alcor ilitoka California 1994 ikiogopa mitetemeko ya ardhi. Na kuna kifungu kimoja singekubali kiachwe: mmoja akifilisika, mwenzake aendelee kujaza mitungi yote, deni adai baadaye, na asiruhusiwe kufunga bomba la jirani hata kwa siku moja kesi ikiendelea. Wakikataa hicho, kila mtu abaki kwake.

Fundi wa A.I.,
Njoro, Nakuru