Tukienda nyumbani Desemba tuangalie na siti za nyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na Desemba ndo hiyo inakuja. Kila mwaka ikifika tarehe 20 hivi magazeti yanaandika nauli za mabasi, abiria waliokwama stendi ya Magufuli pale Mbezi, mabasi ya ziada, na ni sawa kabisa maana wengi wetu tunasafiri kwa basi. Ila siku hizi familia nyingi sana zinapanda Kaskazini na gari zao wenyewe, na sio zile Mark II na Corolla za zamani, ni Harrier, Kluger, Vanguard, X-Trail, Forester, CX-5, yani hizi gari za kati ambazo sio saluni na sio Land Cruiser. Safari za hizi gari haziandikwi popote mpaka itokee ajali.

Mimi mwenyewe naendesha mojawapo ya siti saba na naipenda kwa kweli. Unakaa juu, unaona mbele, watoto wanakaa bila kukanyagana, AC inafika mpaka nyuma, na injini ya cc 2400 inatosha kabisa kwa familia. Toka Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 550, ukipita Bagamoyo ukatokea Msata unakuwa umekwepa foleni yote ya Kibaha na Chalinze, pale Wami siku hizi kuna daraja jipya, ile presha ya kushuka kona kwenda kwenye daraja jembamba huku lori linakuja imeisha, alafu unaitafuta Segera, Korogwe, mashamba ya mkonge, unapumzika Mombo mnakula, milima iko kulia kwako inakusindikiza Usambara mpaka Upare. Watoto wanaokulia mjini wanajifunza nchi yao kwenye safari kama hii, kwahiyo sisemi watu wasiende.

Ninachosema ni kwamba tunalikagua gari upande wa dereva tu. Tunamwaga oil, tunabadilisha brekipedi, tunajaza gesi ya AC, tunaweka redio mpya, na hapo tunasema gari iko safi kwa safari. Siti za nyuma ambako ndiko watoto wetu wanakaa masaa tisa kumi hakuna anayeziangalia.

Chukulia hili la makava ya siti. Gari ikitoka bandarini tu kitu cha kwanza mtu anapeleka kushona makava, na fundi anashona kava moja refu linalofunika siti nzima ya nyuma, na vile vichomeo vya mikanda vinabaki chini ya kava. Nenda leo kwenye gari ya jirani yako inamisha mkono kwenye siti ya kati utafute pa kuchomeka mkanda, utakuta kitambaa. Ukipasua ule mshono unakuta vichomeo vimelala kule ndani na vumbi na maganda ya karanga, ulimi wa mkanda hauingii mpaka usafishe. Gari ya siti saba ina mikanda saba toka kiwandani Japani na familia inatumia miwili. Alafu gari nyingi za hivi zina eabegi za ubavuni, ile mifuko inayojaa hewa gari ikigongwa, zimefichwa ndani ya siti za mbele, hilo kava likibanwa vibaya linazuia eabegi kufunguka. Fundi ukimwambia aache matundu ya vichomeo anaacha, haiongezi hata bei, tatizo ni hatumwambii.

Na wengine, naomba mnisamehe kama nitawagusa, wananunua vile vichomeo vya bandia vya kuchomeka ili gari isipige kelele ya mkanda. Hiyo kelele iliwekwa kwa ajili yako na mwanao.

Hizi gari zina ukimya fulani unaodanganya. Uko 120 toka Mkomazi kwenda Hedaru na Makanya, barabara imenyooka, joto liko nje, ndani baridi, mtoto amelala, unahisi kama uko 70. Ila mwili haujui kama gari ni kimya. Kugonga kitu ukiwa kwenye 50, ule mwendo wa vijijini wenye matochi ya trafiki, ni sawa na mtu kuanguka toka kama ghorofa ya tatu, mita kumi hivi. Sasa ukienda 100 sio kwamba nguvu ya kugonga inakuwa mara mbili, inakuwa mara nne, hesabu ndo ilivyo. Hakuna mama duniani mwenye mikono ya kumzuia mtoto wa kilo 12 aliyempakata kwa nguvu hiyo, hata awe anampenda vipi. Ndo maana kumpakata mtoto siti ya mbele ni hatari kuliko tunavyofikiri, eabegi inafunguka kwa kasi kubwa sana na kichwa cha mtoto kiko palepale, na ukimzungushia mkanda mmoja wewe na yeye ndo mbaya zaidi maana uzito wako wote unamkandamiza yeye kwenye mkanda. Shirika la Afya Duniani wanasema mkanda unaweza kupunguza uwezekano wa abiria kufa mpaka kwa nusu, na mtoto anatakiwa akae kwenye kiti chake mpaka afike kama sentimita 135 ndo mkanda wa mtu mzima unamkaa vizuri begani, chini ya hapo unamkata shingoni.

Viti vya watoto vipo, vipya bei imechangamka lakini vya mtumba vipo pia, cha muhimu uangalie hakijapasuka na mikanda yake haijachanika. Wengi hawajui pia kwamba gari nyingi hizi za kuanzia miaka ya 2000 katikati zina vile vyuma vya ISOFIX vya kushikia kiti cha mtoto kwenye mpenyo kati ya mgongo wa siti na kikalio, ukipenyeza vidole utavigusa, kiti cha aina hiyo kinang'ata pale kwahiyo huhangaiki kukifunga na mkanda wa gari. Mtu analo hilo gari mwaka wa tano na hajawahi kuvigusa.

Kwenye zile za siti saba kuna siti ya tatu ya nyuma kabisa. Kwenye hizi gari za kati ile siti ni ndogo, kichwa cha aliyekaa kiko karibu kabisa na kioo cha nyuma, na mara nyingi anayewekwa pale ni dada wa kazi au binamu aliyeombewa lifti, na mabegi yamejazwa miguuni kwake na mengine yamepangwa mgongoni mpaka juu. Mkanda wake umelala chini ya siti toka gari inunuliwe maana ile siti hukunjwa mwaka mzima. Huyu naye ni mtoto wa mtu, kwao wanamsubiri. Hata begi likiwa juu ya usawa wa mgongo wa siti ukifunga breki ya ghafla linaruka mbele, sasa fikiria sio begi ni kreti la soda au jiko la gesi. Kizito kiwekwe chini kabisa, kisogezwe mpaka kiguse mgongo wa siti, chepesi ndo kiwe juu. Na ukishafungua siti ya tatu buti inakuwa haipo tena, ndo hapo watu wanahamishia kila kitu kwenye keria juu ya paa, na paa la gari hizi halikutengenezwa kubeba gunia tatu za mchele. Kitabu cha gari kinaandika kilo ngapi, mara nyingi hazifiki hata mia. Ukizidisha gari inayumba kwenye kona, na upepo wa pale Same kwenda Mwanga wanaoujua wanaujua.

Matairi. Juni 2025 pale Sabasaba, Same, basi na Coaster ziligongana zikawaka moto, watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha, na ilielezwa kwamba chanzo ni tairi la basi kupata pancha dereva akashindwa kulimudu. Lile ni basi, lakini ni barabara hiyohiyo na joto lilelile tunalopita sisi na watoto. Wengi tunanunua matairi ya mtumba kwa kuangalia meno tu, meno yakiwa marefu tunasema tairi jipya. Pembeni ya tairi kuna namba nne zimeandikwa mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, ukikuta 2314 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2014, hilo hata liwe na meno mpira wake umeshakauka, litazame kwa jua utaona vimistari vya kupasuka. Upepo nao kuna imani kwamba njiani kuna joto kwahiyo upunguze ili tairi lisipasuke, hii imani ndo inapasua matairi yenyewe, tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi na ndo linachemka. Fungua mlango wa dereva kuna stika ya Kijapani pale kwenye nguzo, herufi hatuzisomi lakini namba tunazisoma, ukiona 220 kPa hiyo ni kama 32 kwa kipimo cha upepo cha fundi pancha, na upime asubuhi kabla hujatembea.

Na spea jamani. Kwenye gari nyingi hizi spea iko chini ya sakafu ya buti. Niliwakuta baba mmoja na familia yake mbele kidogo ya Makanya, saa saba mchana, wameshusha kila kitu barabarani, mabegi, mchele, madumu ya mafuta, keki ya mtu ya ubatizo iko juu ya ndoo imeanza kuyeyuka, watoto wamejibanza kwenye kivuli cha gari upande wa barabarani, na walipoifikia spea ilikuwa ile nyembamba na haina upepo hata kidogo. Tulisaidiana tukapata upepo kwa pampu ya umeme ya gari nyingine. Ile spea nyembamba inataka upepo mwingi, kama 60, na hutakiwi kuzidi 80 kwa saa ukiwa nayo, ni ya kukufikisha kwenye pancha, sio ya kukufikisha Rombo. Na watoto wakae mbali na lami, nyuma ya mtaro, sio kwenye kivuli cha gari.

Sasa Mhariri, trafiki wetu njia ile wapo wengi na wanafanya kazi, kwenye 50 ukizidisha kidogo umeandikiwa. Ila akikusimamisha anaangalia leseni, bima, na mkanda wa dereva na wa aliyekaa mbele, basi, safari njema. Kule nyuma kuna watoto wanne wamesimama katikati ya siti wanachungulia, askari anawapungia mkono wanampungia. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati huo nani alikuwa na gari ya siti saba ya familia, wabunge waikalie tena kwa ajili ya hawa watoto, na kabla hawajaikalia askari anaweza tu kusema "mzee wafunge watoto mikanda ndo uondoke". Hilo halihitaji faini. Baba akiambiwa mbele ya familia yake atafunga.

Na nyie ombi langu ni hili, mwaka huu msiishie stendi. Tumeni mwandishi na mpiga picha asubuhi ya tarehe 22 au 23 wakae pale Msata au Segera, wahesabu gari ngapi za familia zimepita na watoto wangapi wamefunga mkanda, muiweke ukurasa wa mbele. Na mwandishi mwingine apite kwa mafundi makava awaulize kwanini wanafunika vichomeo, naamini watasema hakuna mteja aliyewahi kuwauliza.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Baba wa familia, Mbezi, Dar es Salaam